Pembe Isiyo ya Ndovu

Siku niliyoanza kazi ya shanga pale Keko, niliogopa tangu nyumbani mpaka jioni. Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi hii hutarajia niwaambie kwamba niliipenda tangu siku ile ya kwanza. Huwaona wanavyonywea nikiwaambia kwamba niliiogopa nilipoianza, nikaiogopa zaidi nilipoijua, na hata leo mtu akifungua kitambaa mbele yangu nikasikia shanga zikigongana, moyo hunienda mbio.

Stoo yenyewe ilikuwa nyuma ya mafundi samani, kwa hiyo tulifanya kazi ndani ya harufu ya vanishi na vumbi la mbao lililotua juu ya kila kitu. Msimamizi wa Stoo alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Hakunipa mafunzo yoyote. Alinimwagia trei ya shanga zilizochanganyika, akaniambia nitenganishe kioo na plastiki, mbegu na mbao, mfupa na udongo, kisha akavuta kiti akakaa kunitazama.

Nilikuwa nimesikia kwamba kioo kikigusa mdomo ni baridi na plastiki ina uvuguvugu, na kwamba ukigonga shanga kwenye jino, ya kioo hulia kwa sauti kali na ya plastiki hulia kama kugonga kifungo cha shati. Basi nikawa natia shanga mdomoni moja baada ya nyingine, huku yule mama hapepesi macho. Kwa hofu ile, moja ikanipita kooni. Nilijua kazi imekwisha kabla haijaanza. Akaniuliza nimemeza nini.

"Kioo, mama," nikasema.

"Una hakika?"

"Ilikuwa baridi."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Kesho njoo mapema," akasema, na hiyo ndiyo barua ya ajira niliyopewa.

Kwa nyinyi msioijua kazi hii, niieleze kidogo. Karakana yetu ilitengeneza mikufu, bangili na hereni za kiasili, zile ambazo watalii hununua na dada zetu huvaa kwenye harusi na kitenge. Mkufu mmoja unaweza kuwa na shanga kutoka nchi nne. Mteja anataka kujua amevaa nini na kimetoka wapi, na mtu wa kumwambia ndiye mimi, mtambuzi wa shanga. Mfungaji anafunga shanga kwenye uzi, fundi wa shaba anatia kulabu na vikombe vya kufunika ncha za punje, na mtambuzi anakaa kwenye meza yenye taa na lenzi, anasema hii ni kitu fulani. Akishasema, neno lake linaandikwa kwenye lebo na mkufu unauzwa kwa neno hilo.

Shanga za kioo zilinichukua miaka. Kuna zinazotengenezwa kwa kuvuta kioo cha moto kikawa bomba refu jembamba, kisha kukatwa vipande, na hizo mistari yake hufuata urefu wa shanga. Kuna zinazozungushwa kioo cha moto kwenye kijiti cha chuma, na hizo mistari yake huzunguka tundu. Za kutoka Ulaya, za Bohemia, zinalingana mpaka zinachosha macho. Za India hazilingani, na ukichungulia tunduni unakuta unga mweupe uliobaki kutoka kwenye kijiti. Za Ghana hutengenezwa kwa unga wa chupa uliochomwa kwenye kalibu ya udongo, kwa hiyo zimefifia na ukizishika zinakwaruza. Kuna nyekundu za zamani zenye moyo mweupe ndani, ambazo mabibi wa bara walizifunga viunoni. Hizo ukiziona unajua zimepita mikono mingi, nami nilizishika kwa adabu.

Baadaye nilihamishiwa dukani Kinondoni, kwa Meneja wa Duka aliyevaa tai hata siku za joto la Februari. Kule niliogopa kwa namna nyingine, kwa sababu wateja walikuwa mbele yangu na meneja nyuma yangu. Siku moja mteja mmoja, bibi wa Kiarabu wa familia ya zamani ya hapa mjini, alitaka kaharabu, utomvu wa kale mno uliogeuka jiwe. Meneja alimwonyesha mkufu wa punje za rangi ya asali, akamwapia kwamba ni kaharabu tupu. Ilikuwa sandarusi, utomvu wa miti ya pwani yetu uliofukuliwa ardhini. Ni kitu kizuri, lakini umri wake ni mdogo mno kuitwa kaharabu. Ukiipaka spiriti inanata kidoleni, na kaharabu hainati. Yule bibi akanigeukia akaniuliza mimi. Nikamwambia ni sandarusi, kwa sauti ndogo hata akaniomba nirudie. Wiki iliyofuata nilirudishwa Keko, na barua ikasema ni kwa mahitaji ya kazi.

Keko nilikuta mambo yamebadilika. Mwenye karakana, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kiarabu ambaye sote tulimwita Ami, alikuwa ameanza kusafirisha mikufu kwenda nje. Akanipa cheo cha Mtambuzi Mkuu, ingawa mtambuzi nilikuwa peke yangu. Nami nikapata hofu mpya, iliyozizidi zote za mwanzo.

Hofu hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu. Kila mtu nchini anajua kwamba kukutwa na pembe za ndovu ni kesi, na karatasi za kesi huziita nyara za serikali. Watu wengi hawafikirii kwamba nyara inaweza kuwa ndogo kama punje ya hindi. Shanga za zamani huja zimechanganywa magunia kwa magunia, mifupa, pembe za ng'ombe, mbegu, plastiki iliyochemshwa kwenye chai ionekane ya kale, na katikati ya hizo huenda imo punje moja ambayo bibi wa mtu alipewa mahari zamani sana. Punje hiyo moja ikipita mezani kwangu bila mimi kuiona, kuna mtu ataingia ndani. Nilikuwa nikiziota usiku, shanga nyeupe zinamwagika na mimi sizitambui.

Kuzitofautisha si uchawi, lakini kunataka subira. Pembe ya ng'ombe ni kitu cha jamii ya kucha. Ukiishika mbele ya taa, mwanga unapenya na unaiona rangi ya chai ya rangi, na kwenye tundu utaona imekaa tabaka tabaka. Mfupa una vitobo vidogo vidogo, mahali damu ilipokuwa ikipita, na vikishika uchafu vinakuwa nukta nyeusi. Pembe ya ndovu kwa hakika si pembe hata kidogo, ni jino. Ukiitazama pale ilipokatwa kwa upana, unaona mistari myembamba inayopishana kama wavu. Huo wavu haupo kwenye mfupa, na unaonekana pale penye mkato tu, siyo ubavuni. Ndiyo maana mtambuzi hutaka kwanza kuona ncha za shanga.

Wakati huo ndipo alipokuja Tabita. Alikuwa binti wa Singida, mke wa fundi seremala wa hapo jirani, na alikuwa na mwandiko ambao ulimfanya Ami atoe lebo za zamani zote ziandikwe upya. Alichekesha stoo nzima kwa Kiswahili chake cha bara, nasi tukamcheka, naye akatucheka sie watu wa Pwani tunaosema maneno nusu nusu. Alijifungua mtoto wa kike akarudi kazini mapema, maana mume wake alikuwa hana kazi ya maana. Akawa anamwacha mtoto kwa wifi yake kule Yombo na kukimbia mchana kumnyonyesha.

Kazi yake ilikuwa kuandika lebo na kuifunga kwenye mkufu, na nyuma ya lebo kutia jina lake, ili kukitokea lalamiko tujue nani aliyefunga. Ulikuwa utaratibu wa Ami na ulikuwa mzuri.

Oda moja kubwa ilikuja wakati nimelazwa kwa malaria. Mteja alitaka mikufu ya pembe ya ng'ombe, na kila mkufu uwe na punje kubwa nyeupe katikati. Ami alikuwa na punje hizo nyumbani, alizinunua kwenye safari zake, na akazipeleka moja kwa moja kwa wafungaji kwa kuwa oda ilitakiwa haraka. Fundi wa shaba akazitia vikombe vya shaba kwenye ncha zote mbili, ikawa mapambo mazuri kweli. Kisha Tabita akaandika lebo kwa mwandiko wake ule: *Shanga za pembe*. Jina lake nyuma.

Sasa hapo lazima mnielewe. Kwa mtu wa Singida, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu, pembe ni pembe ya ng'ombe, na hakuna haja ya kuongeza neno. Kwa mtu wa Pwani, hasa kwenye nyumba za biashara, pembe ukiitaja hivihivi ni ya ndovu. Babu zake Ami walisema "mali ya pembe" na hakuna aliyeuliza pembe gani. Ningekuwepo ningemwambia aongeze "za ng'ombe". Ami aliiona ile lebo akadhani Tabita ameandika alivyoagizwa, na Tabita akadhani ameandika linaloeleweka na kila mtu. Akatumwa yeye mwenyewe kuupeleka mzigo kwenye ofisi ya kusafirishia vifurushi.

Mkaguzi wa pale aliisoma lebo, akafungua sanduku, akaona punje nyeupe, akafunga mlango. Tabita alikutwa na mzigo mkononi na jina lake kwenye kila lebo.

Nilitoka hospitali nikakuta habari hiyo inanisubiri. Ami alikuwa amehojiwa, ameachiwa kwa sharti la kuripoti. Tabita alikuwa bado amewekwa ndani, na afisa wa wanyamapori ametuma ujumbe kwamba anamtaka mtambuzi wa karakana aje aseme anachokijua. Miguu yangu ilikuwa bado mizito kwa dawa. Nakumbuka nilivaa baibui kinyume nikavua nikavaa tena.

Ami alinipeleka kwa gari lake. Njia nzima alishika usukani kwa mikono miwili, mtu ambaye siku zote huendesha kwa mmoja. Tulipofika akazima gari, akakaa. Akaniambia ile punje ya katikati ni mfupa, aliinunua kwa mtu anayemwamini. Nikamuuliza kama aliona ncha zake kabla hazijatiwa vikombe. Akasema hakutazama.

"Sema mfupa, Zuhura," akasema. "Sema mfupa, yaishe. Yule mtoto wa watu ana mtoto."

Ndani kulikuwa na meza moja, benchi moja na feni isiyozunguka. Tabita alikuwa kwenye benchi. Aliponiona alisimama, akasema shikamoo kama tupo stoo, kisha akakaa tena. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili. Maziwa yalikuwa yakimtoka na hakuna wa kuyanywa. Nikaangalia pembeni.

Afisa alikuwa kijana mpole kuliko nilivyotegemea. Aliniamkia, akanivutia kiti, akaweka mkufu mmoja mbele yangu juu ya karatasi nyeupe. Akaeleza kwamba mkufu huo sasa ni kielelezo, kwa hiyo usikatwe, usichomwe, usiondolewe kitu chochote. Kisha akauliza swali lake.

"Mama, mie nataka neno moja tu kwanza. Hizi ni pembe au si pembe?"

Nikisema ni pembe, nitakuwa nimesema kweli, na neno hilo likiandikwa hivyo, Tabita amekwisha. Nikisema si pembe, nitakuwa nimedanganya mbele ya serikali. Nilitazama kalamu yake ikisubiri juu ya karatasi. Nikamwomba asiandike kwanza. Nikamweleza kwamba neno hilo ni moja lakini vitu ni viwili, na kwamba aliyeandika lebo ametoka kwenye nchi ya ng'ombe. Nikaomba tochi.

Akawasha ya simu yake. Nikaipitisha nyuma ya shanga moja moja, na kila moja ikawaka rangi ya chai. Nikamwonyesha tabaka kwenye matundu. Alisogeza kichwa chake karibu na changu, akatazama kwa makini bila haraka, akatikisa kichwa kukubali.

"Hilo nililiona na mie jana," akasema. "Nimekulia kwenye zizi. Ishu siyo hizi, mama. Ishu ni hii ya katikati."

Nikaichukua lenzi yangu. Punje ilikuwa kubwa kama tende, nyeupe yenye umanjano, imesuguliwa mpaka ikawa laini kama sabuni. Ilikuwa nzito kidogo. Nikaigeuza. Ubavuni, karibu na kikombe cha shaba, niliona nukta chache nyeusi. Moyo ukaruka kwa furaha, nikajua ni mfupa. Kisha nikazitazama tena, nikaona zimekaa mahali pamoja tu, na kwingine kote hakuna. Nimeona shanga za bandia ambazo watu hutoboa nukta kwa sindano. Nimeona pia shanga za ndovu zilizoshika uchafu. Palipokuwa na jibu ni kwenye ncha, na ncha zote mbili zilikuwa ndani ya shaba.

Nikamuuliza kama naweza kusukuma kikombe kidogo tu. Akasema hapana, na nikaona haipendi hiyo hapana yake. Akaniambia polepole, kama mtu anayesema na dada yake, kwamba naye ana watoto, na akiachia nyara ikaja kujulikana, yeye ndiye atakayekaa kwenye benchi lile. Tulikuwa watu wawili tunaotetemeka juu ya shanga moja. Wa tatu, Tabita, alikuwa nyuma yangu kwenye benchi, nasikia anavyovuta pumzi.

Neno "mfupa" lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Niliamini kwa sehemu kubwa ya moyo wangu kwamba ni mfupa. Nilikuwa na hakika kiasi cha kumwambia mteja, kiasi cha kumwambia Ami, kiasi cha kula kiapo sokoni. Lakini nilijua kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kidogo na kilikuwa chini ya kikombe cha shaba.

"Sijui," nikasema.

Afisa akaniuliza nadhani nini. Nikasema nadhani ni mfupa, lakini sijui, na ningetaka aandike yote mawili. Akaandika. Akasema basi itakwenda maabara ya serikali, na mpaka majibu yarudi, binti atapelekwa mahabusu. Kesi za namna hiyo dhamana yake si rahisi. Nilipogeuka Tabita alikuwa amefunika kifua chake kwa mikono na ananitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusikia jambo lililosemwa mbali.

Ami alinirudisha kwa gari lake, mikono miwili bado kwenye usukani.

Siku za kumwona mahabusu nilikwenda kila zilipofika. Nilimpikia wali, nikampelekea sabuni na kanga, nikapanga foleni na ndugu wa watu wengine. Nilikuwa nikiogopa kuliko yeye. Hakuniuliza habari za shanga hata mara moja. Aliuliza mtoto amelala vipi, amekula nini, ameota jino. Wifi yake alikuwa akimpa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, nami nilimwambia Tabita kwamba mtoto anakua vizuri. Ilikuwa kweli, ingawa sikumwambia jinsi alivyolia zile siku za mwanzo. Nyumbani nilishindwa kula. Kila gari likisimama nje nilidhani ni jibu la maabara limekuja kwa miguu yake.

Jibu lilikuja msimu wa mvua ulipoisha. Mfupa wa ngamia, kazi ya India. Tabita akaachiwa bila shtaka.

Nilikwenda Yombo na sukari na unga. Nilimkuta ameketi mkekani, na mtoto yuko mapajani kwa wifi yake, upande wa pili wa chumba. Tabita alimwita, mtoto akamtazama, akauficha uso kwenye bega la shangazi yake. Akajaribu tena kumchukua na kumtia ziwani. Mtoto alilisukuma kwa mkono akalilia chupa. Na maziwa yenyewe yalikuwa yamekwisha kukauka. Tabita alifunga blauzi yake, akaenda kuteka maji ya chai kana kwamba ndicho alichokuwa anataka kufanya.

Tukanywa chai. Mwisho akaniuliza.

"Bi Zuhura, ulikuwa unaamini ni mfupa?"

"Niliamini."

"Na ungesema hivyo ningerudi nyumbani siku ileile."

"Ungerudi."

Akaipuliza chai yake, ingawa ilikuwa imeshapoa. "Ingekuwa mie pale kwenye kiti chako na wewe kwenye benchi," akasema, "mie ningesema mfupa."

Nilimwambia najua. Na nilijua kweli, kwa sababu yeye ni mtu wa namna hiyo, na hilo si jambo la kumcheka. Sikumwomba msamaha, kwa sababu mpaka leo sijui ningesema nini kingine. Lakini niliondoka pale nimevunjika, nikapanda gari nikapitiliza kituo changu.

Nilidhani sitamwona tena kazini. Mwezi haukuisha akaja, akasimama mbele ya meza yangu, akasema hataki tena kuandika kitu ambacho hakijui yeye mwenyewe. Alitaka nimfundishe. Tukaanza na kioo. Alikuwa mwanafunzi mgumu, mwenye maswali, asiyekubali kitu mpaka akione kwenye taa, na alikuwa hatii lebo yoyote ya pembe bila kuandika "ya ng'ombe" hata pale mteja angemcheka. Hatukuirudia ile habari. Ila siku moja nilimkuta ameshika punje nyeupe mbele ya taa kwa muda mrefu sana, na jasho linamtoka. Nikajua woga wangu sasa tunao wawili.

Macho yaliponipungua nikastaafu. Karakana walinifanyia sherehe ndogo, Ami akatoa hotuba ndefu kuliko sherehe, na Tabita akakalia kiti changu. Sasa naishi Mbagala. Watu huniletea shanga za bibi zao wakitaka kusikia kwamba ni kaharabu, au kwamba zina miaka mia tatu, na nikiwaambia ni plastiki ya Uchina hununa. Vijana wakiuliza kazi hii inataka nini, huwaambia inataka macho mazuri na vidole vyepesi, na kuwa tayari kulala vibaya. Wanadhani nafanya mzaha. Nimewahi pia kufikiri kwamba labda niliogopa kupita kiasi. Watu wa kazi nyingine hawaishi hivyo. Muuza vitambaa akikosea pamba na nailoni, hakuna anayenyimwa mtoto wake.

Mwezi uliopita Tabita alinipigia simu asubuhi. Ameitwa. Dada mmoja anayeuza bangili Kinondoni amekamatwa na shanga nyeupe, na afisa anataka mtambuzi. Sauti yake ilikuwa juu, ya mtu anayezuia kulia. Aliniuliza, "Mama, nikiiona nisiijue, nisemeje?" Hakuwa ameniita mama kabla ya siku hiyo.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilimwambia ale kwanza, asinywe chai nyingi kwa sababu mikono itamtetemeka, na aombe tochi.

Kisha nikakaa na simu mapajani. Nilipika sikula, nikaanika nguo nikazianua zikiwa mbichi. Simu ilipolia ilikuwa alasiri, na nilipopokea nilisikia magari tu kwanza. Sikumuuliza alichosema kule ndani. Nilimuuliza yule dada yuko wapi.

"Wamembakiza," akasema Tabita. "Nimekaa hapa nje ya geti, mama. Siwezi kuondoka."

Nikamwambia asiondoke. Nikatafuta viatu vyangu.